Niliacha kununua pedi za breki, nikanunua bastola ya kupimia joto

Ni ile bastola inayopima joto bila kugusa kitu, yenye kioo kidogo nyuma na taa nyekundu ya leza mbele. Kariakoo zimejaa kwenye maduka ya zana. Muuzaji alianzia 70,000, tukamalizana kwa 45,000 na bateri juu yake. Yangu ni ya njano na nyeusi, haina jina la kukumbukwa, na boksi linasema inapima kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri mpaka 380. Wengine wanainunua kwa ajili ya friji za duka au oveni za keki. Mimi niliinunua kwa sababu ya tairi moja tu, la mbele kushoto la Toyota IST yangu.

Nieleze ugonjwa wenyewe, maana bila huo hamtaelewa kwa nini naisifu. Gari likishatembea kidogo lilikuwa zito. Ukiachia mafuta kwenye tambarare halitiririki, linafifia lenyewe. Usukani unavuta kushoto. Ukishuka upande wa abiria unakutana na harufu kali ya kitu kilichoungua, na rimu la upande huo limejaa vumbi jeusi la pedi wakati la kulia ni safi. Naishi Goba, kazi yangu iko Mwenge, na njia ya Makongo ina milima ya kutosha kumwonyesha mtu afya ya gari lake. Pedi za kushoto zilikuwa zinaisha mapema kuliko za kulia, tena zinaisha zote mbili, ya ndani na ya nje, sawasawa. Hilo la kuisha sawasawa liweke akilini, tutalirudia.

Gereji ya kwanza walibadilisha pedi. Gari likawa jepesi wiki kadhaa, kisha likarudi kulekule. Gereji ya pili wakachonga diski. Ya tatu wakafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, wakaweka raba mpya za pistoni yake, wakanihakikishia kwamba sasa kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Na kila nilipolalamika kwamba tairi linachemka, fundi alipeleka kiganja karibu na rimu, akatulia kidogo, akasema, “Dada, hilo la kawaida. Breki lazima zipate moto.” Anasema kweli, kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Lakini moto kiasi gani, na kwa nini upande mmoja tu? Kiganja hakina namba, na mteja asiye na namba gerejini hushindwa kila ubishi.

Wazo la bastola nililipata kwa babu jirani yangu, aliyeendesha malori ya kwenda Tunduma miaka mingi. Nilimwamkia, nikamsimulia. Akaniambia enzi zao, wakishamaliza kushuka mlima Kitonga, tandiboi, yaani utingo wa lori, alikuwa anazunguka lori zima akigusa gusa kila gurudumu kwa nyuma ya mkono, na lile lililo tofauti na wenzake ndilo linalofunguliwa, liwe la moto zaidi au la baridi zaidi. “Usitafute la moto, mama. Yote ya moto. Tafuta lililo tofauti na pacha wake.” Kifaa hiki ni mkono wa yule tandiboi uliowekewa namba.

Kabla ya kukipeleka kwenye gari nilikijaribu jikoni, na nashauri kila anayenunua afanye hivyo kabla hajatupa risiti. Maji yenye barafu yaliyokorogwa vizuri yalisoma 1. Maji yanayochemka yalisoma 95, na kwa Dar, usawa wa bahari, tunajua yako kwenye 100. Mvuke na uso wa maji unaopoa huiba nyuzi chache, kwa hiyo sikulalamika. Kisha nikaelekeza kwenye ubavu wa sufuria ileile, alumini iliyosuguliwa kwa mchanga ikang'aa. Ikasoma 41! Nikaigeuza nikapima kitako chenye masizi ya mkaa: 93. Sufuria moja, dakika ileile.

Hapo ndipo utakapojua kama kifaa hiki kitakusaidia au kitakudanganya. Hakipimi joto moja kwa moja, kinapima mionzi inayotoka kwenye uso wa kitu, kisha kinakadiria. Uso mweusi, wenye kutu au uliofifia hutoa mionzi vizuri. Chuma kinachong'aa hutoa kidogo, na badala yake huakisi joto la vitu vilivyo mbele yake. Bastola za bei hii nyingi zimepangwa kiwandani zidhani kila kitu ni cheusi, na huwezi kubadilisha. Sasa fikiria diski ya breki: pale pedi zinaposugua panang'aa kama kioo. Mtu anapima pale, anapata namba ndogo, anarudi nyumbani amefurahi na gari linaungua. Pima katikati ya diski, kwenye ile sehemu iliyoinuka ambayo pedi haifiki na ambayo daima ina kutu. Kama huioni kupitia matundu ya rimu, pima mwili wa kalipa. Na kama rimu zako ni za chuma zenye kifuniko cha plastiki, toa kifuniko kwanza, vinginevyo unapima plastiki.

Jambo jingine ni umbali. Yangu imeandikwa 12:1. Maana yake ukisimama sentimita 60 kutoka kwenye gurudumu, inapima eneo lenye upana wa sentimita 5, siyo lile doa dogo jekundu. Leza ni ya kukuonyesha mwelekeo tu, na kwa karibu sana haiko hata katikati ya eneo linalopimwa. Mimi hupiga nikiwa nimechuchumaa, bastola ikiwa sentimita kumi na kitu kutoka kwenye chuma.

Sasa barabarani. Ukitoka kwenye foleni ya Mwenge ukapima, magurudumu yote ya mbele yatakuwa ya moto na hutajifunza kitu. Nilichofanya ni kutoka alfajiri, barabara ikiwa tupu, nikatembea kilomita kadhaa nikikanyaga breki mara chache tu, na mwisho nikaliacha gari lipunguze lenyewe kwenye kimwinuko mpaka likasimama. Gurudumu lililo la moto wakati hukutumia breki ni gurudumu linaloburuza. Nikazunguka na bastola. Mbele kulia 58. Mbele kushoto 167. Nyuma, ambako breki ni za dramu badala ya diski, madramu yote mawili yalikuwa arobaini na kitu.

Nilisimama pale nikiitazama ile 167. Mafuta ya breki ya IST ni DOT 3, imeandikwa kwenye mfuniko. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini mafuta haya hufyonza maji kutoka hewani, na yakishafyonza maji ya kutosha kiwango hicho kinashuka mpaka 140. Kwa unyevu wa mji huu sitaki kujua yangu yalikuwa wapi. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedeli inazama mpaka sakafuni huku gari likiendelea. Kwa hiyo siku ile nililirudisha gari nyumbani polepole, na ile “la kawaida hilo” niliacha kuisikiliza.

Niseme wazi kwamba kazi ya bastola iliishia karibu na hapo. Imeniambia ni gurudumu lipi. Imeniambia pia kitu ambacho sikukitegemea: kwamba gurudumu la nyuma kulia halina shida. Gari nyingi ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele mfumo wa breki umegawanywa kimshazari, mbele kushoto ukiwa na nyuma kulia kwenye mkondo mmoja. Kama masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, ndiyo ingekuwa inazuia mafuta yasirudi, wote wawili wangeonyesha dalili. Mmoja ana 167, mwenzake arobaini na kitu. Masta silinda nikaiweka kando, na hiyo ni spea ya bei niliyokuwa nimeshaanza kushawishiwa ninunue.

Iliyobaki ilihitaji jeki. Nilimwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kazi yake ikiwa kukaa kwenye usukani na kukanyaga nikimwambia. Gari kwenye uwanja wa sakafu, hendibreki imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, na tairi la akiba nikalilaza chini ya ubavu wa gari, maana jeki ya kwenye buti sitaiamini na kichwa changu hata siku moja. Nikafungua tairi la kushoto. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, na gurudumu lilizunguka kwa kidole kimoja. Nikamwambia kanyaga mara tatu, achia. Nikazungusha: limekaba. Nikasubiri. Bado limekaba. Upande wa kulia, jaribio lilelile, lilizunguka mara tu alipoachia.

Kumbe ndiyo siri ya zile gereji! Unapeleka gari jioni, linalala kwao, asubuhi fundi ananyanyua, anazungusha gurudumu, ni jepesi. Anakuona mama mwenye wasiwasi. Anaweka pedi mpya kwa sababu za zamani zimeisha kweli, na wewe unalipa.

Kisha niplo ya kutolea upepo, ile ndogo iliyo mgongoni mwa kalipa. Nilivalisha kipande cha mpira mwembamba, ncha nyingine ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari yanaila. Gurudumu likiwa limekaba, nikalegeza niplo robo mzunguko. Mafuta yakaruka kwenye chupa, na gurudumu likaachia papo hapo. Nikafunga. Shemeji akakanyaga tena, likakaba tena. Nikalegeza tena, likaachia.

Jaribio hili ni la bure na lina thamani kuliko spea zote nilizonunua. Kama gurudumu linaendelea kukaba hata baada ya kufungua niplo, basi shida ni ya vyuma: pini za kalipa zimeshika kutu, au pistoni imekwama. Pini zikishika, mara nyingi pedi ya ndani inaisha na ya nje inabaki nene. Zangu zilikuwa zinaisha sawasawa. Likiachia pale unapofungua niplo, basi ni mafuta yenye shinikizo yaliyonaswa, hayana njia ya kurudi. Na kati ya kalipa na masta silinda kuna kitu kimoja laini ambacho hakuna gereji iliyokigusa, hozipaipu ya breki, ule mpira unaopitisha mafuta kati ya bomba la chuma na kalipa.

Utashangaa hozi inawezaje kupitisha mafuta kwenda na isiyapitishe kurudi. Mguu wako ukikanyaga unasukuma kwa nguvu nyingi, mafuta yanapenya hata kwenye tundu lililosinyaa. Lakini hakuna kinachoyarudisha kwa nguvu ya namna hiyo. Raba ya pistoni hujipinda kidogo unapokanyaga, na ukiachia hujinyoosha ikivuta pistoni nyuma kwa kipimo kidogo mno. Nguvu hiyo haiwezi kusukuma mafuta kwenye hozi iliyovimba ndani. Yanavuja kidogo kidogo kwa masaa, na ndiyo maana asubuhi gari ni jepesi.

Kijana wa gereji ya chini ya mwembe, hapa hapa Goba, alikuja na mashaka yake. Akaiminya hozi, akaipinda, akasema, “Dada, hozi hii nzima. Haina hata ufa.” Nilimwonyesha namba, nikamwonyesha niplo. Akanyamaza, kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuthubutu kwa kuogopa kuharibu nati: gurudumu likiwa limekaba, akalegeza bomba la chuma pale linapoungana na hozi. Mafuta yalitoka kidogo upande wa bomba, gurudumu likabaki limekaba vilevile. Mafuta yaliyonaswa yalikuwa upande wa chini, ng'ambo ya hozi. “Basi ni hozi,” akasema mwenyewe, na nikampenda kwa hilo, maana wengi wangetafuta njia ya kutokea.

Ilipotoka tuliichana kwa wembe. Nje mpira mzuri kabisa. Ndani umevimba na kukunjana, njia imebaki ya kupita sindano. Sababu siwezi kuapa, ila fundi alinitajia mbili na zote nilikuwa nimeziona kwa macho yangu kwenye gereji zile: kuosha raba za kalipa kwa petroli, na kuiacha kalipa ining'inie kwa hozi wakati wa kubadilisha pedi. Mpira unaotumika na mafuta ya breki haupatani na petroli, oili wala grisi ya kawaida, unavimba. Na hozi haikutengenezwa kubeba uzito wa kalipa. Mkipeleka gari kubadilisha pedi, simameni pale, na mhakikishe kalipa imefungwa kwa waya kwenye springi.

Hozi mpya nilifuata Gerezani, na nilichukua mbili, kwa sababu ya kulia ina umri uleule. Muuzaji alinipa chaguo la mpya au la mtumba wa Japani kwa nusu ya bei. Mtumba wa Japani nanunua kioo cha pembeni, nanunua taa, hata mlango. Kitu cha mpira kilichokaa kwenye gari miaka yote ya gari hilo, hapana. Kijana akafunga, akatoa upepo, akaweka mafuta mapya. Alfajiri iliyofuata nilirudia njia ileile na bastola yangu. Kulia 61, kushoto 63. Tangu masika mpaka sasa napima kila ninapokumbuka, na tofauti haijawahi kunitisha.

Kasoro za kifaa zipo. Kifuniko cha bateri ni chepesi, ukikiangusha mara moja kinaanza kufunguka chenyewe. Kinazima haraka mno. Ukisogea kutoka gurudumu moja kwenda jingine namba imeshapotea, kwa hiyo nenda na kalamu na uandike kwenye kiganja. Mwanga wa kioo juani hausaidii. Na leza ni leza: watoto wa dada yangu walianza kupimana vipaji vya nyuso, wakamtangazia bibi yao kwamba ana 34 na kwa hiyo ameshafariki, na mmoja akataka kumpiga paka machoni. Sasa inakaa juu ya kabati.

Jihadharini pia msiuziwe zile bastola za kupimia homa zilizobaki tangu enzi za korona. Zinafanana sana kwa mbali, na baadhi ya maduka yanazichanganya kwenye meza moja. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili tu, ukielekeza kwenye breki inakuandikia kosa. Soma boksi, utafute namba isiyopungua 300.

Jirani yangu mwenye Noah aliiazima wiki iliyopita. Yeye lake linavuta kulia akifunga breki. Tukapima baada ya kuteremka: kulia 112, kushoto 54. Hapo mgonjwa ni lile la baridi, lisilofanya kazi, na mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Walipofungua wakakuta pini za kalipa ya kushoto zimeganda kwa kutu. Zilisuguliwa kwa msasa laini, zikapakwa grisi ya silikoni inayofaa breki, na hakununua chochote zaidi ya kopo hilo la grisi. Bastola ameirudisha, ila kifuniko cha bateri sasa kimefungwa kwa selotepu.

Naipa nne kati ya tano. Ukiwa na gari moja na breki hazikusumbui, azima ya jirani. Ukiwa na gari linalorudi gerejini kwa jambo lilelile, 45,000 ni pungufu ya nilichokuwa nalipa kwa seti moja ya pedi na ufundi wake. Wenye bodaboda za diski sijui kama itawafaa sana, diski zao zote zinang'aa, pimeni kalipa.